Akivua nguo kwa kiingilio, aitwe nani?



Siku moja baada ya darasa la alasiri alinijia mama mmoja ambaye mwanawe namfundisha Maarifa ya Uislamu. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na karatasi tatu zilizoandikwa kwa lugha mbili, Kiarabu upande wa kulia na Kiingereza upande wa kushoto. Akaniambia: "Ustadhi, dada yake amepata kazi nje. Huyo aliyemtafutia anasema ni kazi ya hoteli. Wewe unajua Kiarabu, hebu nisomee."

Nikasoma. Mshahara ulitajwa, malazi yalitajwa, muda wa mkataba ulitajwa. Nilipofika mahali panapoeleza aina ya kazi, Kiingereza kilisema "artiste" na Kiarabu kikasema "fannana". Ukifungua kamusi, maneno yote mawili utaambiwa ni msanii, na hilo la Kiarabu ni msanii wa kike. Yule mama akatabasamu. "Kumbe hata si kufua mashuka," akasema. "Mwanangu sauti anayo, kaswida alikuwa akisoma vizuri sana."

Mimi sikutabasamu. Nilimwomba aniachie karatasi zile kwa siku mbili, naye akakubali. Makala hii imetokana na siku mbili hizo, na na mengine niliyoyasoma baadaye, kuhusu neno moja na majina yake mengi. Naomba radhi kwa wale watakaoona kuwa mada hii haifai kuandikwa katika gazeti linaloingia majumbani kwetu. Nitajitahidi kuandika kwa stara. Lakini kunyamaza kwetu ndiko kunakowafanya mabinti zetu wasaini wasichokijua.

Tuanze na jina linalojulikana zaidi, yaani "striptease". Ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa. La kwanza maana yake ni kuvua au kuchuna. La pili ni kumchokoza mtu kwa kumwonyesha kitu na kumnyima. Neno hili lilienea nchini Marekani katika miaka ya 1930, likiwa na maana ya onyesho ambalo mchezaji, mara nyingi mwanamke, huvua nguo moja baada ya nyingine kwa kufuata muziki mbele ya watu waliolipa. Zingatia hapo mambo matatu: kuna kuvua, kuna watazamaji, na kuna fedha. Ukiondoa lolote kati ya hayo, jambo linakuwa jingine. Mwanamke anayemvulia mumewe hafanyi onyesho hilo. Na kichaa anayetembea uchi barabarani hafanyi onyesho hilo.

Kwa kusema kweli, neno lenyewe lina ukweli ndani yake. Linakiri kuwa ni kuvua, na linakiri kuwa mtazamaji anachokozwa. Tatizo linaanzia kwa majina yaliyolitangulia na yaliyolifuata.

Lililotangulia ni "burlesque". Asili yake ni neno la Kitaliano, "burla", lenye maana ya utani au mzaha. Mwaka 1868 mwigizaji wa Kiingereza, Lydia Thompson, alifika New York na kundi lake la wanawake, wakaigiza michezo ya kuwakejeli wakubwa na kuzichekesha hadithi za kale. Walivaa nguo za kubana miguu, na hiyo peke yake ilikuwa kashfa ya kutosha kwa wakati ule. Lakini ulikuwa mchezo wa kuigiza, wenye maneno na hadithi. Miaka ikapita, hadithi ikapungua, nguo nazo zikapungua, hadi ikafika kipindi ambacho mtu aliyekata tiketi ya "burlesque" alijua hasa anakwenda kutazama nini. Jina lilibaki lilelile, kilichokuwa ndani kikabadilishwa.

Mwaka 1937 uongozi wa jiji la New York chini ya Meya Fiorello La Guardia ulikataa kuhuisha leseni za kumbi hizo. Baadhi ziliporuhusiwa kufungua tena, moja ya masharti ilikuwa kwamba neno "burlesque" lisionekane katika matangazo yao, wala jina Minsky, la familia iliyokuwa maarufu kwa biashara hiyo. Ajabu iliyoje! Serikali ya jiji kubwa kama lile ikapiga marufuku neno. Wenye kumbi hawakuhitaji hata kuumiza vichwa, walitafuta jina jingine.

London nako walikuwa na vituko vyao. Katika ukumbi wa Windmill, ambao maonyesho yake ya namna hiyo yalianza mwaka 1932, wanawake walisimama jukwaani bila nguo, ilimradi wasitikisike. Afisa wa ikulu aliyekuwa na mamlaka ya kukagua michezo ya kuigiza alikubali kwamba mtu asiyetikisika ni kama sanamu, na sanamu za uchi zimejaa katika makumbusho yao. Akiinua mkono tu, lile ni kosa. Ukumbi ule uliendelea kwa utaratibu huo kwa miaka mingi, ukafungwa mwaka 1964. Na mamlaka ya afisa huyo juu ya michezo yaliondolewa kwa sheria ya mwaka 1968.

Sasa tuje mwaka 1940. Mchezaji mmoja maarufu wa Marekani, Georgia Sothern, alimwandikia barua H. L. Mencken, mwandishi wa habari wa Baltimore aliyekuwa bingwa wa maneno na mtunzi wa kitabu kikubwa kuhusu Kiingereza cha Marekani. Alimwomba amtafutie jina lenye heshima zaidi kwa kazi yake, kwa sababu jina lililokuwepo lilikuwa linawaletea lawama. Mencken akachukua neno la Kigiriki "ekdysis", ambalo wanasayansi hulitumia kwa nyoka au mdudu anapojivua gamba, akatengeneza "ecdysiast". Kwa Kiswahili tungesema "mjivua gamba". (Watanzania wanaokumbuka siasa za mwaka 2011 wataona kwamba hata sisi tumewahi kulipenda jina hilo, ingawa kwa kazi nyingine.)

Neno lile likaingia katika kamusi na lipo hadi leo. Wapo waliolifurahia. Lakini Gypsy Rose Lee, aliyekuwa na sifa kuliko wote katika kazi hiyo, hakulipenda, na alimkejeli Mencken hadharani. Hapa nakubaliana na huyo mama, ingawa sikubaliani na kazi yake. Nyoka akijivua gamba habaki mtupu. Chini ya gamba la zamani kuna jipya, na anajivua kwa sababu amekua. Hakuna nyoka wenzake waliolipa kiingilio wakakaa vitini kumtazama. Neno la kisomi lilipendeza masikioni, lakini lilikuwa limeacha nje watazamaji na fedha, na hayo ndiyo mambo mawili yanayoifanya kazi hiyo iwe kazi.

Wafaransa walikwenda njia kama hiyo. Kwao mchezo huo huitwa pia "effeuillage", yaani kuchuma majani, jani moja moja kama ua. Waarabu wa leo hawazunguki: wanasema "raqs at-ta'arri", ngoma ya kujiweka uchi, wakamaliza.

Lipo jina jingine ambalo linatuhusu sisi Waislamu zaidi, nalo nataka nikae hapo kidogo. Wamarekani humwita mchezaji huyo "exotic dancer". Hilo "exotic" ni la asili ya Kigiriki pia, na maana yake ni kitu cha nje, cha kutoka mbali. Unaweza kujiuliza: binti amezaliwa Chicago, anacheza Chicago, watazamaji wake ni wa Chicago, nini hapo kimetoka mbali?

Kilichotoka mbali ni kisingizio. Mwaka 1893 mji huohuo wa Chicago ulifanya maonyesho makubwa ya dunia, na moja ya sehemu zilizovuta watu wengi ilikuwa mtaa wa bandia wa Cairo wenye wachezaji wa ngoma ya tumbo. Baada ya hapo wanawake wasiojua hata Cairo iko upande gani walijipa majina ya Kimisri, wakavaa shela na kuzunguka kwenye kumbi za Marekani. Kisha ikaja "ngoma ya shela saba", ambayo wengi wanadhani ni ya kale ya Mashariki ya Kati. Ukweli ni kwamba jina hilo lilitoka katika mchezo wa Oscar Wilde uitwao Salomé, uliochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1893, ukatiliwa nguvu na opera ya Mjerumani Richard Strauss ya mwaka 1905. Basi mwanamke wa Kizungu akitaka kuvua nguo Ulaya au Marekani ilimlazimu kwanza avishwe shela, aitwe wa Mashariki, ndipo watazamaji wajisikie kwamba uchafu ule si wao, ni wa watu wengine.

Sitaki kuficha kwamba Misri yenyewe ilikuwa na wachezaji. Walikuwepo wale walioitwa "ghawazi", waliocheza barabarani na penye minada. Lakini walikuwepo wengine walioitwa "awalim", na mmoja wao ni "alima". Msomaji anayejua Kiarabu kidogo ameshashtuka. Ndiyo, ni lilelile la ilimu. Ndilo linalotupa maalim, mwalimu, muallima na ulamaa. Alima ni mwanamke mjuzi. Hawa walikuwa wajuzi wa mashairi na uimbaji, wakialikwa kuimba upande wa wanawake katika nyumba za wakubwa, na wanaume kama wapo wakisikia sauti tu.

Mwaka 1834 Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, aliwapiga marufuku wachezaji wa hadharani mjini Cairo na kuwafukuzia miji ya kusini. Jina la alima likachanganyika na la ghawazi. Mfaransa Gustave Flaubert alipofika Esna mwaka 1850, alichezewa na mwanamke mmoja ile iitwayo ngoma ya nyuki, ambayo mchezaji hujifanya nyuki ameingia ndani ya nguo zake, akazivua akimtafuta. Kifaransa tayari kilikuwa na neno "almée", na kwa Mzungu wa kawaida maana yake ikawa mchezaji wa kutamanisha. Fikiri, ndugu msomaji. Neno la mwanamke mwenye ilimu likasafiri bahari moja tu likafika likiwa na maana ya mwanamke anayevuliwa nguo kwa macho. Siku niliyosoma habari hizi nilifunga kitabu, nikakaa kimya. Mke wangu huitwa muallima na wanafunzi wake.

Mahakamani nako majina haya yana bei. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa nchini Norway ilikubali kwamba onyesho la kuvua nguo laweza kuhesabiwa kuwa sanaa ya jukwaani, hivyo kiingilio chake kisitozwe kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2012 klabu moja karibu na mji wa Albany ilidai vivyo hivyo mbele ya mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, ikaleta hadi mtaalamu wa ngoma atoe ushahidi. Majaji wanne wakaikataa, watatu wakaikubali. Iceland haikujisumbua na mjadala wa sanaa, ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuzifunga klabu hizo kabisa, na hoja iliyotolewa huko haikuwa ya dini bali ya utu wa mwanamke. Kwa hiyo kwa wengine ubishi kuhusu kama huyu ni msanii au siye umekuwa ubishi wa nani alipe kodi.

Narudi kwenye "artiste", maana ndilo lililokuwa katika bahasha.

Kwa miaka mingi Cyprus ilitoa viza na vibali vya kazi kwa jina hilo kwa wanawake wa kigeni wanaokwenda kufanya kazi katika kabarei na klabu za usiku. Mwaka 2003 ofisi ya umma ya nchi hiyohiyo inayoshughulikia malalamiko ya wananchi iliandika kwamba neno "artiste" huko limekuwa sawa na neno kahaba. Miaka miwili kabla ya hapo, Machi 2001, binti wa Kirusi mwenye umri wa miaka 20 aliingia nchini humo kwa viza hiyo. Baada ya siku chache aliacha kazi, akaacha na barua ya kusema amechoka na anataka kurudi kwao. Meneja wa kabarei alimtafuta, akampata, akampeleka polisi. Polisi badala ya kumwachia huru wakamwambia yule meneja wa kabarei amchukue. Asubuhi alikutwa amekufa barabarani chini ya nyumba ya ghorofa. Baba yake alishitaki, na tarehe 7 Januari 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu kwamba Cyprus ilishindwa kumlinda, na Urusi ilishindwa kuchunguza namna alivyoandikishwa kazi. Viza hiyo ilikuwa imefutwa mwaka 2008. Uswisi nayo ilifuta kibali chake cha wachezaji wa kabarei kuanzia mwaka 2016. Lebanon nako viza ya wasanii wa klabu za usiku imejulikana kwa miaka mingi, na kwa Kiarabu msanii huyo huandikwa jina lilelile zuri, fannana.

Mtume (s.a.w.) ametufahamisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah, kwamba watatokea katika umma wake watu watakaokunywa ulevi wakiuita kwa jina lisilo lake. Maulamaa wametoa katika hadithi hiyo kanuni pana: hukumu inafuata kitu chenyewe, haifuati jina. Na wala jambo hili si geni. Kabla ya Uislamu kushinda Makka, makabila ya nje yalikuwa yakitufu Al-Kaaba uchi, wanaume kwa wanawake, wakisema hawawezi kuizunguka nyumba ya Mungu kwa nguo walizotendea dhambi. Uchi ukaitwa uchamungu! Ndipo ikateremka katika Suratul A'raf amri ya kuchukua mapambo, yaani nguo, katika kila mahali pa ibada, na mwaka wa 9 Hijria ikatangazwa katika Hija iliyoongozwa na Abubakar (r.a.) kwamba kuanzia hapo hapana atakayetufu uchi.

Lakini tusikimbilie kuwanyooshea mabinti kidole. Katika Suratun Nur aya ya 30, walioanza kuamrishwa kuinamisha macho ni wanaume, kisha ndipo aya ya 31 ikawageukia wanawake. Na aya ya 33 ya sura hiyohiyo inakataza kuwalazimisha wajakazi katika uchafu kwa kutafuta maslahi ya dunia, kisha inawataja waliolazimishwa kwa msamaha na rehema. Tazama basi lugha zetu. Huyu anayevua ana majina kumi, ya kisomi na ya matusi. Yule anayelipa kumtazama hana jina. Kwa Kiingereza, klabu hizo huitwa kwa heshima kabisa klabu za waungwana.

Na Kiswahili je? Sisi tuna "kucheza uchi", ambalo liko wazi. Tuna "mnenguaji", ambalo asili yake ni mtikiso wa kiuno na halisemi lolote kuhusu nguo. Mtaani ikaja "kanga moko", yaani mchezaji aliyevaa kanga moja tu, mara nyingi ikiwa imemwagiwa maji. Hilo "moko" ni moja kwa Kilingala, na sidhani kama limetumika bure, maana kama wangesema "kanga moja" kila bibi angeelewa. Nguo ipo na haipo, na wengi wetu tunajua hadithi ya Sahih Muslim kuhusu wanawake waliovaa na hali wako uchi.

Wapo wanaojibu kwamba mambo haya ni mila zetu, kwani mwali alikuwa akichezwa unyago na wanawake wakicheza chakacha harusini. Wanachanganya mambo. Unyago ulikuwa wa ndani, kungwi na wari wake, mwanamume akichungulia anafukuzwa kwa mchi. Chakacha ya harusini ilikuwa ya wanawake watupu. Yapo ndani yake ya kujadiliwa kisheria, na leo si mahali pake, ila halikuwepo jukwaa, tiketi wala mwanamume. Siku hizi tunamlipa kijana wa kiume aingie na kamera ya video humohumo ndani, picha zinasambaa mtaa mzima kabla biharusi hajapelekwa. Hapo hatuwezi kuwalaumu Wamarekani.

Neno letu "burudani" linatokana na ubaridi, ni mzizi uleule wa Kiarabu uliotumika moto ulipoamrishwa uwe baridi kwa Nabii Ibrahim (a.s.). Kinachomburudisha mtu ni kinachompoza. Na "msanii" ni fundi, mwenye kutengeneza kitu kwa mikono yake, ingawa vijana wa Dar es Salaam wameshaligeuza, ukisikia "usanii" ujue mtu katapeliwa. Mkataba ule ulikuwa na usanii wa aina hiyo.

Mama alirudi siku ya tatu. Nilimweleza nililoweza kwa lugha ya mtu mzima na mama yake, bila kutaja yote. Nilimwambia dalala yule aulizwe mambo manne kwa maandishi: jina la hoteli, anayepokea abiria uwanja wa ndege, pasi ya kusafiria atakaa nayo nani, na kazi iandikwe kwa Kiswahili saa kwa saa, si kwa jina. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Sasa hilo neno, ustadhi, nikimwambia baba yake niliseme vipi?"

Nikaandika kwa Kiswahili nyuma ya bahasha, maneno matano, akaisoma mara mbili na kuikunja. Yule dalala, alipoombwa majibu manne, alisema nafasi imeshajazwa na mwingine. Huyo mwingine ni mtoto wa nani, hatukuambiwa.